Usahaulifu wa Wazee na Dawa ya Umeme



Wengi wetu tumeisikia, chuoni au msikitini, ile Hadithi ya mabedui waliomwendea Mtume (S.A.W.) wakamwuliza kama yafaa wajitibu. Akawaambia wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea na dawa yake, isipokuwa maradhi mamoja tu, nayo ni uzee.

Basi hapo ndipo penye mas-ala yetu ya leo. Mzee akianza kusahau majina ya wanawe, akatoka nyumbani asijue njia ya kurudi, akauliza jambo moja mara kumi kabla ya adhuhuri, je, huo ndio ule uzee uliotolewa nje katika Hadithi, au ni maradhi kama maradhi mengine? Ukisema ni uzee, utakunja mikono na kungoja. Ukisema ni maradhi, imekulazimu utafute dawa. Na siku hizi wako watu wanaosema kuwa dawa yenyewe ni umeme: umeme mdogo unaopitishwa kichwani kwa juu, bila ya kisu wala sindano, ukaamsha akili iliyosinzia. Mwenye mzee wa namna hii nyumbani akisikia maneno hayo moyo humruka, na huuliza bei kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Nakuandikia kutoka Ngaka, mahali ambapo huenda wewe wa Lamu, Tanga au Unguja hujapata kupasikia. Ukitoka Kilwa ukaifuata ile njia ya zamani ya misafara, njia iliyoleta nguo na bunduki bara na ikarudi pwani na watumwa, lakini ambayo pia iliileta Kurani mpaka ukingoni mwa ziwa, utafika Mkoa wa Ruvuma. Na kaskazini mwa mji wa Mbinga ndipo unapopita mto Ngaka, unaoingia Ruhuhu, na Ruhuhu ikaingia Ziwa Nyasa. Waislamu huku si wengi kama huko kwenu. Tunakaa na Wamatengo, Wanyasa na Wangoni, wengi wao Wakristo, na tunazikana na kuuguzana bila ya kuulizana dini. Mwaka 2011 yalianza kuchimbwa hapa makaa ya mawe, na malori yakaanza kupita na vumbi lake. Umeme wa gridi ya Taifa ulifika Songea kutoka Makambako mwaka 2018. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa jenereta na vibatari. Nayataja haya kwa sababu neno umeme lina heshima kubwa hapa petu. Watu walioungoja miaka mingi namna ile huwa tayari kuamini kuwa hakuna usiloliweza.

Kaka yangu mkubwa ana miaka 78. Amewasomesha watoto wa hapa Kurani kwa zaidi ya miaka 40, na wako wazee wenye wajukuu leo ambao walikula fimbo zake. Tangu miaka minne iliyopita akili yake imekuwa ikiondoka kidogo kidogo, kama maji ya mtungi wenye ufa. Kwanza alikuwa akipoteza miwani. Kisha akaanza kuficha fedha za kahawa ndani ya pishi la mchele na kumshitaki shemeji kuwa kamwibia. Siku moja alitoka kwenye mikahawa yake iliyoko juu milimani, njia aliyoipita maisha yake yote, akakutwa magharibi njia ya Kitai akimwulizia mama yetu, na mama yetu alifariki mwaka 1991. Lakini mwanzie Yasin, ataisoma mpaka mwisho, madda na ghunna mahali pake, asiruke herufi.

Zahanati moja tuliyompeleka walimtazama kwa dakika tano, wakasema ni uzee, mrudisheni nyumbani. Majirani nao walikuwa na yao: wengine walisema karogwa kwa sababu ya mpaka wa shamba, wengine wakasema ni jini. Waliniomba nimsomee, nami nilimsomea, kwani kusoma ni kheri na humtuliza. Lakini sikusema kuwa kwa kusoma huko tumekwisha kutimiza amri ya kujitibu.

Ndipo mwanawe wa pili, anayefanya kazi Dar es Salaam, alipoleta kwa simu picha ya kofia yenye nyaya. "Baba mdogo, shikamoo. Dawa ya baba imepatikana," aliniandikia. Kifaa kinauzwa nchi za nje, unakiagiza, unakivaa nyumbani. Fedha hakuwa nazo. Alitaka tuuze eka mbili za mikahawa ya baba yake, mnunuzi yupo, na mimi niwe shahidi wakati mzee anapotia dole gumba.

Nilimwambia, mwanangu, nipe siku. Yuko daktari mmoja Songea ambaye alisoma chuoni kwangu alipokuwa mdogo. Nilimwendea, nikakaa naye jioni tatu, akanisomea na kunifasiria yaliyoandikwa na mabingwa wa mambo haya. Nitakayokueleza sasa asili yake ni huko.

Tuanze na lile swali la uzee. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt huko Ujerumani, tabibu mmoja jina lake Alois Alzheimer alimpokea mwanamke aliyekuwa akisahau kila kitu, hata jina lake akilianza kuliandika hakuweza kulimaliza, na akimshuku mumewe kwa mambo yasiyokuwapo. Alipofariki mwaka 1906 tabibu yule aliutazama ubongo wake kwa hadubini. Akaona mabonge ya uchafu yametapakaa baina ya chembe za ubongo, na ndani ya chembe zenyewe nyuzi zilizosokoteka kama uzi uliochezewa na paka. Mwaka ule ule akawaeleza matabibu wenzake waliokutana Tübingen, na mwaka 1910 mwalimu mkubwa wa fani hiyo, Emil Kraepelin, akayaita maradhi hayo kwa jina la Alzheimer.

Sasa tazama umri wa yule mwanamke alipofikishwa hospitali: miaka 51. Huyo si kizee. Hapa Ngaka wanawake wa umri huo wanapanda mlima na debe la maji kichwani. Na upande wa pili, sote tunawajua wazee wa miaka 90 wanaokumbuka deni ulilowakopa mwaka wa njaa. Watafiti waliokwenda Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 waliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, kijiji kwa kijiji, na hesabu waliyoitangaza mwaka 2013 ilikuwa kiasi cha watu 6 katika kila 100 wenye maradhi haya ya kupotewa na akili, kwa aina zake zote. Kama ni uzee tu, mbona wale 94 wamesalimika? Kwa hiyo mimi naona, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba haya ni maradhi yanayowapenda wazee, lakini siyo uzee wenyewe. Amri ya kujitibu inayahusu.

Kadhalika nilifahamishwa kwa nini Yasin imebaki ilhali jina la mjukuu limepotea. Maradhi haya aghlabu huanzia mahali padogo ndani ya ubongo panapopokea khabari mpya na kuzihifadhi, mahali ambapo matabibu wa kale walipaita kwa jina la yule samaki mdogo wa baharini mwenye kichwa cha farasi, kwa vile pamepinda kama yeye. Pakiharibika hapo, la leo halina pa kuingilia. Lakini kilichokaririwa utotoni mara elfu na elfu kimekwisha kuwekwa kwingine, na huko maradhi huchelewa kufika. Walimu wa vyuo walikuwa wakitukaririsha mpaka sauti zinakauka, na sisi tukiwanung'unikia.

Ama kuhusu umeme, usidhani ni upuuzi wa mtu mmoja. Ubongo wenyewe ni nyumba ya umeme: chembe zake huzungumza kwa mshituko mdogo sana wa umeme, pamoja na kemikali zinazovuka kutoka chembe hii mpaka ile. Tabibu wa Kijerumani Hans Berger aliweza kuuandika umeme huo wa kichwa cha mwanadamu kwenye karatasi mwaka 1924, akatangaza mwaka 1929. Na watu walijaribu kutibu kwa umeme hata kabla ya kujua kuwa upo. Tabibu wa Kirumi Scribonius Largus, karne ya kwanza ya Miladi, aliandika kuwa mwenye kuumwa kichwa awekewe samaki hai wa jamii ya taa, yule ambaye mvuvi akimkanyaga mguu hufa ganzi. Katika Mto Nile yuko kambare wa tabia hiyo hiyo, na Waarabu humwita raad, yaani radi. Waandishi wa tiba wa Kiarabu nao waliwataja samaki wa aina hii vitabuni mwao. Nyinyi wa pwani mnawajua zaidi kuliko mimi.

Namna ya siku hizi ni nyepesi kuliko samaki. Huchukuliwa vipande viwili vya sponji vilivyoloweshwa maji ya chumvi, vikafungwa kichwani kwa mpira, na mkondo wa umeme kutoka betri ndogo ukapita kwa dakika 20 au 30. Nguvu yake ni miliampea 1 mpaka 2. Ile balbu ya zamani ya wati 60 iliyokuwa ikining'inia sebuleni ilikuwa ikivuta kiasi cha miliampea 260. Kwa hiyo huu wa kichwani haufiki hata sehemu moja katika mia. Mgonjwa huhisi mwasho, pengine ngozi huwa nyekundu au kichwa kuuma kidogo, na sponji ikikauka yaweza kumwunguza. Shemeji alikuwa akiogopa kuwa mumewe atachomwa umeme mpaka atetemeke. Nikamwambia hicho ni kitu kingine, kilianza Roma mwaka 1938, nacho humtia mgonjwa kifafa cha makusudi. Leo hufanywa akiwa amelazwa usingizi wa dawa, na kina magonjwa yake. Hivi viwili visichanganywe.

Mwaka 2000 watafiti wawili wa Göttingen, Nitsche na Paulus, walionyesha kwamba mkondo huu dhaifu, ukipita dakika chache tu juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, huifanya sehemu ile iwe nyepesi zaidi au nzito zaidi kuitika, kwa kufuata upande ambao umeme umeingilia, na hali hiyo hubaki kwa muda hata baada ya kuzima. Haya yalikuwa kwa watu wazima wa afya. Mwaka 2008 kule Milano wakajaribu kwa wagonjwa 10 wenye maradhi ya Alzheimer. Umeme ulipoingia kwa upande mmoja, wagonjwa walitambua vizuri zaidi maneno waliyokuwa wameonyeshwa. Ulipogeuzwa upande wa pili, wakafanya vibaya zaidi kuliko kabla. Na mashine ya kuigiza, isiyotoa umeme, haikubadili kitu.

Hebu rudia kusoma sentensi zile, ndugu yangu. Waya ule ule, kiasi kile kile, ukigeuzwa tu umezidisha ugonjwa. Na huyu kijana wetu alitaka kofia ifungwe Ngaka na watu ambao hata redio ikigoma twampelekea fundi Mbinga!

Kisha yalikuja majaribio mengine, na khabari zake hazifanani. Huko Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwe, walitangaza mwaka 2016 kuwa wagonjwa 25 walifanyiwa mara sita. Waliopata umeme wa kweli na waliopata wa kuigiza hawakupitana kwa tofauti ya kutegemewa. Wengine wameona faida, wengine hawakuona, na wengi wao wamejaribu kwa watu wachache na kwa siku chache. Iko pia njia ya sumaku, iliyobuniwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1985 na Anthony Barker na wenzake: koili huwekwa karibu na kichwa, sumaku yake hugonga kwa haraka, na ndani ya ubongo huzaliwa umeme. Marekani iliiruhusu mwaka 2008 kwa watu wenye sonona. Ama kwa maradhi ya kusahau, jaribio lililonipa moyo zaidi ni la Roma, la mwaka 2022: wagonjwa 50, wiki 24, nusu kwa mashine ya kweli na nusu kwa ya kuigiza. Wale wa mashine ya kweli hali yao ilikaa karibu pale pale ilipokuwa, na wenzao waliteremka. Hawakupona, walisimama. Kwa mwenye mzee anayeporomoka, kusimama si jambo dogo, nami simlaumu mtu kwa kulitamani. Lakini watu 50 ni wachache, na mashine ile ni ya hospitali yenye mabingwa, haivaliwi jikoni.

Mwaka huo wa 2016 jamaa wa watafiti wanaoshughulika na mkondo wa sponji walitoa barua ya wazi kuwaonya watu wanaojifanyia wenyewe majumbani. Kati ya waliyoyasema liko moja lililonikaa moyoni: kwamba athari ya umeme hutegemea pia kile ambacho ubongo unakifanya wakati umeme unapita. Mtu aliyekaa kimya anatazama ukuta, na mtu anayesoma au kuzungumza, hawapati kitu kimoja.

Wamatengo wana kilimo chao cha ngoro, ambacho wewe wa pwani huenda hujakiona. Milima yao ni mikali. Mtu akilima sesa mvua ya kwanza huupeleka udongo wote mtoni. Kwa hiyo hufyeka nyasi, huzipanga kwa miraba, huzifukia kwa udongo, na katikati hubaki mashimo yanayoyashika maji. Mvua ndiyo ile ile kwa jirani aliyechimba na asiyechimba. Nilivyofahamu mimi, umeme huu ni mvua. Hauleti kumbukumbu, huzifanya chembe ziwe tayari kupokea tu. Anayepokea lazima apewe cha kupokea: aulizwe, asimuliwe, aimbiwe, atajiwe majina ya watu wake. Na hiyo si kazi ya betri.

Sasa sikiliza khabari ya Hai kwa mara ya pili, maana kwangu hii ndiyo tunu niliyorudi nayo kutoka Songea. Uingereza walikuwa wamebuni mazoezi ya kuuchangamsha ubongo kwa mazungumzo: wagonjwa wachache hukaa pamoja mara mbili kwa wiki, kwa wiki 7, vikao 14 jumla, na kila kikao kina jambo lake, mara utoto, mara vyakula, mara fedha, mara sauti za vitu, mara khabari za mjini. Walipowajaribu watu 201 na kutangaza mwaka 2003, faida iliyopatikana ilikaribiana na ile ya vidonge vya maradhi haya. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza wakayaleta mazoezi hayo Hai, wakayageuza yawafae wazee wasiojua kusoma wala kuandika, na mwaka 2017 wakatangaza yaliyotokea kwa wagonjwa 34: akili ilichangamka, na fadhaa ikapungua. Hakuna kofia wala nyaya. Ni watu, viti, na mtu aliyefundishwa kuuliza vizuri.

Hata namna ya kuwapima ni ya huku kwetu. Mzee asiyejua kalamu huambiwa apange vijiti vya kibiriti kama alivyoonyeshwa, ataje wanyama wengi awezavyo, aeleze daraja ni kitu gani, kisha baada ya muda aulizwe maneno aliyotajiwa mwanzo. Mwanafunzi wangu alimpima kaka namna hiyo. Wanyama alitaja wanne, mmoja wao mara tatu. Daraja alilieleza vizuri mno, akaongeza na hukumu ya anayeharibu njia ya watu. Maneno aliyotajiwa hakukumbuka hata moja.

Kabla ya kumwita mgonjwa wa Alzheimer, yule daktari alitaka kwanza yaondolewe mambo yanayofanana nayo, na hapa nakuomba msomaji uweke alama. Upungufu wa vitamini B12, kasoro ya tezi la shingo, huzuni ya muda mrefu, dawa zinazogongana, damu iliyovia kichwani baada ya kuanguka: yote haya yaweza kumfanya mzee asahau, na mengi yanatibika. Kaka alikutwa na shinikizo kubwa la damu lisilojulikana, na sikio la kulia limezibwa na nta ngumu kama gome. Tume ya mabingwa iliyoandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 imehesabu mambo 14 yanayoongeza maradhi haya na ambayo mwanadamu anaweza kuyapunguza, na wakasema kuwa kama yote yangeondolewa, karibu nusu ya wagonjwa wangeepukana nayo au wangecheleweshwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, uziwi, macho yasiyotibiwa, na upweke. Mzee asiyesikia huachwa nje ya mazungumzo. Aliyeachwa nje hunyamaza. Na anayenyamaza tunasema amechoka. Kumsafisha sikio hakukugharimu hata mche mmoja wa kahawa.

Nije kwenye shamba. Kijana alisema: baba mdogo, ni mali yake mwenyewe, na tunaiuza kwa ajili yake, kosa liko wapi? Swali lake lina adabu, nami nilimjibu kwa adabu. Kalamu imeondolewa kwa asiyekuwa na akili, kama tunavyofundisha. Haandikiwi dhambi ya Sala aliyoisahau, wala talaka anayoitamka hali hajui asemalo haishiki, wala mauzo yake si mauzo. Dole gumba la mtu asiyejua anachokitoa ni wino tu juu ya karatasi, hata kama mashahidi ni kumi na mmoja wao ana kilemba. Msimamizi wake aweza kuuza kwa maslaha yake, ndiyo, na matibabu ni katika maslaha. Lakini maslaha lazima yajulikane. Kuuza eka mbili zinazomlisha na kumnunulia dawa ya shinikizo, ili kupata kifaa ambacho waliokibuni wenyewe wanabishana, na ambacho waya ukigeuka humzidishia, hayo siyaiti maslaha. Nilikataa kuwa shahidi.

Alikasirika, wiki mbili hakupiga simu. Simlaumu. Mtoto aliye mbali hana anachoweza kumpa baba yake isipokuwa fedha, na akiambiwa fedha zake hazihitajiki huhisi amefukuzwa nyumbani. Kwa hiyo nilimwandikia tena: umeme wenyewe si haramu, na sitasema kamwe kuwa ni uchawi wa Wazungu. Ikitokea hospitali yenye mabingwa inatafuta wagonjwa kwa ajili ya uchunguzi ulio wazi, usiotozwa fedha, na ikaeleza madhara yake kabla, mimi mwenyewe nitamshika kaka mkono mpaka mlangoni. Mpaka hapo nilimwomba kitu kimoja kisichouzwa: kila Ijumaa usiku apige simu, amwulize baba yake khabari za zamani, si za leo. Asimwulize amekula nini. Amwulize walikuwa wakivukaje Ruhuhu masika.

Amepiga. Mara ya kwanza mzee alidhani anazungumza na marehemu ndugu yetu, na kijana alilia. Mara ya tatu akamwambia jina la mtumbwi.

Hapa nyumbani tumefanya kikao cha Jumamosi baada ya alasiri, uani, chini ya mwembe. Kaka huja, na jirani yetu mwalimu mstaafu, Mkatoliki, ambaye naye ameanza kupotea njia, na bibi mmoja wa Kinyasa ambaye haongei ila ukimtajia samaki. Ukimtajia mbelele hufumbua macho na kueleza namna ya kuwaanika. Mimi huuliza kwa zamu na wajukuu. Siwezi kukuambia kuwa kaka amepona, wala kwamba atapona. Juzi alinikaribisha kwangu mwenyewe akanipa pole ya safari. Lakini hapigi kelele tena usiku, na shemeji analala. Kurani hufungulia kikao yeye, na asipokuwapo mwalimu mstaafu humngojea, ingawa si dini yake, kwa sababu anasema bila ya sauti ile hajui kama ni Jumamosi.

Wiki hii zamu ya kuuliza ni ya mjukuu wa darasa la nne. Amekwisha nitangulizia swali lake: anataka kujua juu ya mamba wa Ruhuhu, na kama ni kweli babu aliwahi kumpiga mmoja kwa kasia.